Kopo Chini ya Kerezo

Siku ya tatu baada ya Nyuzi kuuziba uvujaji wa oili, kopo lililokuwa chini ya mashine lilianza kulia.

To.

Kimya kirefu, mpaka unadhani yameisha. Kisha tena, to.

Ilikuwa saa tano asubuhi, jua limeingia hadi katikati ya karakana. Umeme ulikuwa umekatika na mtaa mzima umenyamaza. Nyuzi aliweka tupa chini, akapiga magoti, akalivuta kopo na kulitia kidole. Kavu. Akapapasa tumbo la mashine kwa juu, kila kiungio alichokifunga kwa mkono wake mwenyewe. Kavu. Akalirudisha kopo mahali pake, na hakuwa amepiga hatua mbili alipolisikia tena nyuma yake, tone zito likianguka kwenye bati.

Najua mtasema panya. Hata yeye alisema panya. Nyuzi hakuwa mtu wa kuogopa vitu vya hewani, alikuwa mtu wa vipimo, na jina lenyewe alipewa kwa sababu nyuzi alizozichonga kwenye bolti hazikuacha upenyo wa kupitisha unywele. Mkewe alikuwa mshonaji, cherehani yake imekaa upande wa pili wa ukuta uleule, maana karakana ilikuwa mbele na nyumba nyuma. Watani wa mtaani hawakukosa la kusema: Mshonaji kapata Nyuzi, kazi kwake. Na sisi tuwaite hivyohivyo.

Mashine yenyewe ilikuwa kerezo la kizamani la kukerezea vyuma, refu kama kitanda na zito kuliko gari. Waliachiwa na baba yake Mshonaji, aliyefariki miezi minne nyuma, pamoja na karakana yote na vilivyomo. Mzee alikuwa mkerezaji hasa, lakini ulimi wake ulikuwa shubiri, na mkwewe alikuwa mtu wa kupangusa kila kitu, basi hawakuiva chungu kimoja. Walichogombania zaidi ni ule uvujaji. Juu ya kichwa cha kerezo kulikuwa na vikombe viwili vya kioo vya kutilia oili. Oili ilishuka tone kwa tone hadi kwenye bushi za shaba unamozungukia mhimili, ikatokea mwisho wake, ikadondoka. Chini mzee aliweka kopo la rangi alilolikata nusu. Kila asubuhi kabla ya kuwasha alijaza vikombe, akaipigapiga mashine ubavuni, akasema, "Haya, chako." Wateja walicheka. Yeye hakucheka. Na kwa miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwona akilimwaga lile kopo, wala aliyewahi kuliona limejaa.

Sasa kosa ni hapa, na ni kosa la fundi, mtu mwingine asingeliweza. Asiyejua mashine asingeligundua hata hilo tone. Anayezijua vizuri za kale angejua kwamba hii iliundwa ivuje: oili yake hairudi, inapita mara moja, inalainisha, inaondoka zake. Nyuzi alijifunzia kwenye mashine za kisasa, zile zinazozunguka kwenye gololi ndani ya oili iliyofungiwa, na kwake yeye tone sakafuni lilikuwa aibu. Kwa hiyo alikifungua kichwa chote, akachonga mifereji kwenye vifuniko, akapachika sili za mpira za kuzuia oili isitoke, akapaka gundi nyeusi. Siku mbili nzima. Alipowasha, halikudondoka hata tone, akapiga picha kwa simu na kumwonyesha kila aliyepita mlangoni. Kopo alilisahau palepale.

Mshonaji alikuwa anajua neno moja ambalo mumewe hakulijua. Wiki ya mwisho ya mzee, alipokuwa anamlisha uji kwa kijiko, mzee aliukamata mkono wake akamwambia, "Mwambie mumeo asizibe. Pale ndipo anaponywea." Akamuuliza nani. Mzee akageukia ukuta. Miaka minane Mshonaji alikuwa amebeba maneno ya wanaume wawili, la huyu kulipeleka kwa yule, la yule kulirudisha likiwa limepunguzwa makali, na alikuwa amechoka. Nikilifikisha na hili, alijisemea, atagombana na marehemu. Akalimeza. Siku mumewe alipokuwa anapachika zile sili, alisimama mlangoni na kikombe mkononi, neno liko kwenye ncha ya ulimi, kisha akasema tu kwamba chai inapoa.

Siku ya tano chupa ya mafuta ya kupikia ilikutwa tupu, kifuniko kimefungwa, rafu imekauka. Walituhumiana kidogo, wakayaacha. Kesho yake ikawa zamu ya kopo la mafuta ya nywele, limesafishwa ndani kama limeoshwa na kufutwa. Kisha cherehani. Mshonaji alikuwa ameitia mafuta asubuhi, na kabla ya adhuhuri ikalia kwa sauti nyembamba na kukwama, sindano imebaki ndani ya sare ya mtoto wa watu. Alipofungua kifuniko cha chini alikuta vyuma vimeshika kutu mpya, nyekundu, inayobaki kidoleni. Na ikamjia harufu. Ya juu ilikuwa ya oili iliyoungua, hiyo aliizoea tangu utotoni. Ya chini yake ilikuwa harufu ya kinywa, kinywa cha mtu aliyekaa muda mrefu bila kunywa kitu.

Hakumwambia mumewe. Nini angemwambia?

Baadaye ikaja mikono. Nyuzi aliamka vidole vinalia alipovikunja, ngozi ya viganja imepauka kama aliyeshika unga. Akafanya mzaha, akasema amezeeka vidole tu, kwingine bado kijana, na mkewe akacheka, na kicheko kikakatika alipomwona anashindwa kufunga kifungo cha shati. Mkerezaji hupima kwa ncha za vidole kabla hajachukua kipimo cha chuma. Nyuzi alikuwa anaweza kugusa mhimili na kukwambia umezidi kiasi gani, kiasi ambacho jicho halioni. Siku ya tisa aliuangusha mhimili wa mteja mara mbili, na mara ya pili alikaa chini sakafuni kando yake, hakuuokota. Mshonaji alimwona kupitia ufa wa mlango. Moyo ulimuuma, akaogopa kwa mara ya kwanza kwamba angempoteza, maana Nyuzi bila mikono alikuwa mtu ambaye hata yeye Nyuzi hakumjua.

Siku ya kumi na moja, saa saba mchana, umeme ukakatika tena. Mshonaji alikuwa anakata kitambaa. Ukutani ilikuja ile sauti, to, to, to, sasa bila kupumzika, na katikati yake akasikia kimya cha mumewe. Ukiishi na mtu miaka minane unakijua kimya chake, kipi cha kazi na kipi si cha kazi. Alikwenda na mkasi mkononi.

Nyuzi alikuwa amesimama kwenye kerezo, mkono wa kulia umeshika gurudumu dogo la kusogezea kisu, sikio limeegemea kichwa cha mashine, macho yanatazama mlangoni.

"Inafyonza," alinong'ona. "Njoo usikie."

"Toa mkono hapo."

"Siwezi. Vidole havifunguki."

Na kerezo lile, lisilo na umeme, mkanda wake umetolewa na kutundikwa ukutani, likaanza kuzunguka, polepole kwanza, kama mtu anayejigeuza kitandani, kisha kwa mwendo wa kazi, bila mlio wowote isipokuwa ule wa kunywa, mrefu, wenye pumzi katikati, uliokuwa unatoka si ndani ya mashine tu bali chini ya sakafu na nyuma ya ukuta na, Mshonaji aliapa baadaye, ndani ya mkono wa mumewe, ambao ulikuwa unanyauka mbele ya macho yake, mishipa inazama, ngozi inashika mifupa ya vidole kimoja baada ya kingine, huku yeye mwenyewe Nyuzi anatabasamu kwa maumivu kama mtu anayeona haya kusumbua watu. Mshonaji aliuacha mkasi uanguke. Alimfungua kidole kwa kidole, na kila kidole kililia kama tawi kavu, na cha mwisho kilipoachia mashine ikasimama papo hapo. Pale kiganja kilipokuwa, chuma kilikuwa kinang'aa kwa mafuta. Alikitazama. Mafuta yale yakadidimia ndani ya chuma mpaka pakabaki pakavu.

Jioni ndipo Nyuzi, mtu wa vipimo, alipomwambia mkewe kwa sauti ya chini, akiangalia pembeni, kwamba atafutwe mtu.

Mtabibu wa majini alikuja asubuhi ya pili. Alikuwa mwanamume mfupi, zamani mtunza stoo, na kalamu bado anaichomeka mfukoni. Mtu makini, nisimsingizie. Hakutikisa kichwa wala hakuzungusha macho, aliketi akauliza maswali na kuandika majibu. Mashine ililetwa hapa lini? Mshonaji akasema alikuwa na miaka kumi na mmoja. Kabla haijaletwa, nyumba ilikuwaje? Alifikiri. Alimkumbuka baba yake wa miaka ile, mwembamba mpaka nguo zinamwanguka, analala kila siku baada ya chakula cha mchana na mkono umening'inia nje ya kitanda, na kisahani sakafuni ambacho watoto walikatazwa kukigusa kwa sababu, mama alisema, ni cha sisimizi. Alikumbuka pia kwamba kerezo lilipokuja mzee alinenepa na kuanza kupiga mluzi. Kazi imemkubali, majirani walisema. Lakini hayo hayakuwa mambo ya kumwambia mtabibu. Akajibu kwamba nyumba ilikuwa ya kawaida.

"Marehemu hakuacha neno lolote kuhusu chuma hiki, binti yangu?" mtabibu aliuliza.

Nyuzi alimgeukia. Mikono yake ilikuwa mapajani, imefungwa vitambaa vilivyolowekwa mafuta ambayo hayakudumu hata saa moja. Mshonaji aliona kwamba akilisema neno lile sasa atakuwa pia amesema kwamba alilijua tangu mwanzo, kwamba alisimama mlangoni na kikombe mkononi na kumwacha mumewe ajimalize.

"Hapana, mzee," alisema. "Hakuacha neno."

Mtabibu akaandika. "Basi makao yake ni hiki chuma," alisema. "Kikitoka, naye ametoka."

Alivukiza, akasoma, akanyunyiza maji kuanzia kichwa cha kerezo hadi mkiani. Aliporudia mara ya tatu, kulisikika kugongwa kutoka ndani, mara moja, bila nguvu, kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwake akijua atafunguliwa. Vikombe vya kioo vikapasuka vyote viwili. Harufu ile ya kinywa ikajaa karakana, ikapita kati yao, na Nyuzi akapepesuka kidogo kana kwamba amepigwa kikumbo. Halafu hewa ikawa nyepesi. Mtabibu akajifuta jasho, akasema imekwisha, chuma kiondoke leo hii.

Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja saba, na winchi na minyororo na mizaha yao. Walipoliinua kerezo, sakafu ya chini yake ilionekana. Miaka ishirini na kitu ya oili kudondoka, na saruji ilikuwa nyeupe, kavu, haina hata doa. Mtabibu akaikubali kwa kichwa, akaona ndiyo dalili. Wote waliona ndiyo dalili. Lile kopo walilitupa ndani ya lori pamoja na mashine yake.

Na kweli, jamani, mambo yakakaa sawa. Chupa ya mafuta ilidumu. Cherehani ikarudi kunguruma. Mikono ya Nyuzi ilirudi siku hadi siku, kwanza rangi, kisha nyama, kisha vidole vikaanza kukunjika bila kulia. Wiki ya pili alikuwa anafanya kazi kwenye karakana ya rafiki yake ng'ambo ya barabara, na wiki ya tatu alirudi nyumbani amebeba bolti moja tu, akamwekea mkewe kiganjani azipapase nyuzi zake kwa kidole. Viganja vyenyewe vilikuwa laini kuliko zamani, vinateleza, vinang'aa. Mkewe alimtania kwamba ana mikono ya bwana harusi. Siku moja alipita kwenye uwanja wa vyuma chakavu, akakiona kichwa cha kerezo kimekatwa kwa moto vipande vitatu, sehemu nyingine za mashine zimeshapelekwa kuyeyushwa. Alisimama pale kidogo. Alishusha pumzi, akajisamehe.

Ilikuwa siku ya kawaida, baada ya chakula cha mchana. Joto lilikuwa kali, Nyuzi amejilaza, na Mshonaji yuko dirishani anamalizia shati. Uzi ukaisha. Alisimamisha cherehani ili aweke mwingine.

To.

Alibaki na uzi mdomoni. Aliangalia bomba, limefungwa. Aliangalia dari. Kisha akaangalia kitandani, na hakutaka kuangalia, lakini macho yalikuwa yameshafika.

Mumewe alikuwa amelala chali, uso umetulia, mkono wa kulia umening'inia nje ya kitanda. Kwenye ncha ya kidole cha kati kulikuwa na tone, safi, la rangi ya asali, linajikusanya, linarefuka, linakatika. Lilianguka sakafuni na sakafu haikulowa. Na kutoka uvunguni, mahali ambapo hapakuwa na kitu isipokuwa viatu vyake na sanduku la vitambaa, kulikuja pumzi ndogo ya mtu aliyeonja, na ile harufu, na mkono wa Nyuzi ukavutwa chini kidogo, taratibu, kidole cha kati kikanyooka na kuanza kupauka kuanzia ukucha kwenda juu, kama kimeingia ndani ya midomo isiyoonekana ambayo haikuona sababu tena ya kusubiri tone lijidondokee lenyewe.

Hapo ndipo neno la baba yake lilipomfikia, miezi mitano limechelewa. Pale ndipo anaponywea. Mzee hakusema ndipo anapokaa. Kerezo halikuwa nyumba yake, lilikuwa kikombe chake. Baba yake alikuwa ametafuta chuma kinachovuja, kitakachovuja maisha, ili autoe mkono wake mwenyewe kwenye kinywa kile, na chuma hicho wao walikiziba, kisha wakaita watu saba wakibebe wakakiyeyushe. Na angeweza kuyasema yote kwa sentensi moja, akiwa na kikombe cha chai mkononi, na alikaa kimya, na mbele ya mtabibu akakaa kimya tena.

Weupe ulikuwa umefika kiungio cha pili cha kidole.

Mshonaji hakupiga kelele. Alikwenda kabatini, miguu inajiendea yenyewe, akachukua kisahani cha chai, akapiga magoti kando ya kitanda na kukiweka sakafuni chini ya mkono wa mumewe, karibu sana na giza la uvunguni, hivi kwamba hewa ile ya kinywa kikavu ilimpuliza usoni. Alisubiri. Kidole kikaachiwa. Rangi ikaanza kurudi. Tone lingine likajikusanya, likaanguka ndani ya kisahani, likakaa, na baada ya muda likapungua polepole kuanzia pembeni, kwa adabu, mpaka likaisha.

"Haya," alinong'ona. "Chako."

Akarudi dirishani, akatunga uzi, akashona. Nyuzi aliamka saa kumi, akajinyoosha, akasema amelala vizuri, ila mwili umekuwa mwepesi, sijui anapungua. Akakiona kisahani. Akamuuliza mkewe hicho cha nini.

"Usikiguse," Mshonaji alimwambia, bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa. "Ni cha sisimizi."